Mjomba Yuko Angani

Kwetu Kibosho, posa ya binti haipokelewi kama mjomba wake hayupo. Kata ya kwanza ya mbege inayoletwa na upande wa mume huonjwa na kaka wa mama. Asipoionja, wageni huondoka na pombe yao.

Waliokuja kumposa mdogo wangu walishaondoka hivyo mara moja, mjomba alipougua. Safari hii kila mtu alijua: wakiondoka tena, hawarudi.

Mjomba anaishi Mwanza. Kwa basi ni safari ya kutwa nzima, na magoti yake hayaiwezi, kwa hiyo tulimkatia tiketi ya ndege. Mama aliposikia ndege inatumia saa moja na dakika chache, akapanga shughuli yote kwa saa hiyo moja. Nilimwelewesha taratibu. Muda wa ndege ni ule wa kuwa angani peke yake; kuna kufika uwanjani mapema, kuna kungoja begi, kuna barabara ya kutoka KIA, kisha kuna mlima wetu, ambao mvua ikinyesha ni safari nyingine kabisa. Mama alinisikiliza vizuri, halafu akawaita wageni mchana.

Walifika kwa pikapu, na mapipa mawili ya mbege. Mjomba alikuwa amepiga simu mara moja tu: "Huku mvua kubwa. Tumekaa tu." Tangu hapo hakupatikana.

"Mama," mshenga wao aliita, "hiyo ndege inapakia ndizi njiani?"

Upande wao walicheka. Kwetu hakucheka mtu.

"Tumpigie tena, aseme neno kwenye simu," baba alijaribu.

"Mzee mwenzangu, na pombe ataionja kwenye simu?"

Jikoni, mdogo wangu alikuwa amekaa na kitenge chake kipya, mikono imetulia mno. "Dada, mbona hapatikani?"

"Hiyo ni habari njema. Angekuwa bado chini angeshapiga kulalamika. Yuko angani."

Sikumwambia kwamba simu huzimika pia kwa kuisha chaji.

Jua lilikuwa limeshavuka migomba simu ilipoita. Ametua! Nikatoka mbio kuwaambia.

"Kutua si kufika," alisema mshenga, akiangalia wingu lililokaa juu yetu. "Hiyo barabara yenu ikilowa hatushuki leo." Vijana wake wakainua pipa moja, wakalirudisha kwenye pikapu. Nikawa namfuata mjomba kichwani: sasa Boma Ng'ombe, sasa Weruweru, sasa anaanza kupanda. Wakashika pipa la pili.

Bodaboda ikatokea kwenye migomba. Mjomba alikuwa nyuma, matope hadi magotini. Teksi ilikuwa imenasa huko chini.

"Shikamoo mjomba!"

"Marahaba. Nani alikuwa ananisema?" Akamkazia macho mshenga, akapokea kata. Hakunywa. "Niitieni binti."

Mdogo wangu akaja, akapiga goti.

"Mama, hawa watu unawajua?"

"Nawajua, mjomba."

"Pombe yao niinywe?"

Hata bodaboda ilizimwa.

"Kunywa, mjomba."

Akanywa mpaka chini. Mshenga akawageukia vijana wake: "Mnangoja nini? Shusheni hilo pipa!"