Mke wa Kaka na Tapeti za Baba

Nilianza kumwonea wivu mke wa kaka yangu kabla hata sijamjua vizuri, na sababu yenyewe ilikuwa spana.

Nilifika nyumbani Jumamosi asubuhi nikitoka Kaplong, ninakofundisha fizikia kwa mkataba wa bodi ya shule huku nikingoja serikali inikumbuke. Kwetu ni nje kidogo ya Kapsoit, kwenye shamba ambalo baba alinunua alipostaafu ufundi wa kiwanda cha chai: nyumba, ng'ombe wawili, mistari ya chai kwenye mteremko, na banda la mabati ambamo gari lake hulala. Ni lile gari dogo la zamani lenye mgongo wa kobe. Injini iko nyuma, haina rejeta, haijui maji. Kinachoipoza ni upepo wa feni peke yake. Baba amekuwa nalo tangu kabla sijazaliwa. Kaka yangu alipokuwa akikimbiza mpira, mimi nilikuwa bandani nikimpa baba spana. Niliitambua spana namba kumi na tatu kwa kuishika tu kabla sijajua kuzidisha.

Siku hiyo nilikuta miguu ya mwanamke imetokeza chini ya gari, imevaa gambuti za mama. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda, uso ameuelekeza ukutani.

Sisi ni watu wa Kisii, ingawa nimezaliwa huku. Kwetu mzee na mke wa mwanawe huheshimiana kwa kuachiana nafasi. Hawapeani mkono, hawaketi bega kwa bega, na mazungumzo yao ni machache. Nikiwa chuo nilibishana sana na baba kuhusu jambo hilo. Nilimwambia ni heshima gani hiyo inayowafanya watu wa boma moja wakwepane kama wadeni. Sasa nikagundua kwamba hawa wawili walikuwa wamepata njia yao bila kuniuliza.

"Gari," baba aliuambia ukuta, "tapeti ya tatu iachwe legevu kidogo. Hiyo ndiyo hushikwa na joto."

"Gari limesikia," sauti ikajibu kutoka chini.

"Na likimaliza, lisisahau kufuta oili kabla ya kurudisha kifuniko."

"Limefuta tayari, mzee asihangaike."

Baba alicheka. Akaweka bisibisi juu ya madigadi, akarudi nyuma hatua mbili, na mkono mweusi kwa oili ukatoka chini kuichukua. Nilisimama mlangoni na begi langu begani. Katika miaka yote niliyomshikia spana, baba aliniambia "lete", "shika", na "toa kichwa hapo, unanifungia mwanga." Hakuwahi kunieleza tapeti ya tatu hushikwa na nini.

Nilijua macho yake yamefunga ukungu. Kupima tapeti, vile vyuma vidogo vinavyosukuma valvu za injini, ni kazi ya kupitisha kibati chembamba, mafundi hukiita fila, kati ya vyuma viwili; kikipita kwa kukwaruza kidogo, nafasi ni sawa. Asiyeona hawezi. Nilikuwa nimejipangia moyoni kwamba siku macho yatakapomshinda, mkono utakaofuata ni wangu. Niliitaka kazi ile. Sikutaka gari hasa, maana halifiki popote kwa wakati. Nilitaka kuwa mtu ambaye baba humwachia injini.

Tulipokaa kunywa chai uani, nilianza maswali.

"Baba, kitabu cha hili gari kinasema tapeti zote zipimwe sawa. Kwa nini ya tatu iwe tofauti?"

"Kitabu hakijawahi kupanda mlima kutoka Soin."

"Hilo si jibu."

Mke wa kaka alikuwa amekaa upande wa mama, mbali na baba, akikamua kitambaa chenye oili. "Wifi, kuna kile kipoza oili kimesimama mbele ya silinda ya tatu," alisema. "Kinamkinga na upepo. Wenzake wanapigwa na baridi, yeye anachomeka."

"Basi si tuongeze upepo? Yale mabati yamezingira injini yote. Ni ya nini?"

"Yalikuja na gari," baba alisema.

"Hiyo si sababu, baba."

"Hata wewe ulikuja na maswali, na hatukuyang'oa."

Mama alicheka hadi akaweka kikombe chini. Mke wa kaka aliinama, lakini mabega yalimtikisika. Nilimaliza chai yangu nikiwa nimevimba.

Wiki iliyofuata tulipanga kwenda Soin kumsalimia shangazi, dada yake baba, aliyeolewa huko. Ijumaa nilifika mapema, jua bado liko juu ya miti ya mkaratusi, na nikaenda bandani peke yangu. Nilifungua skrubu za mabati mawili ya nyuma, yale yaliyokaa kati ya injini na ekzosi, nikayavuta. Nikang'oa na utepe wa mpira uliozunguka ukingo. Niliyaficha yote nyuma ya magunia ya mbolea. Nilijiambia hilo ni jaribio: kitu chenye joto kikifunuliwa, hupoa, mtoto wa kidato cha kwanza anajua. Lakini jaribio huandikwa na kutangazwa. Mimi sikumwambia mtu.

Kesho yake safari ya kushuka ilikuwa nzuri. Niliendesha mimi, baba kando yangu, mke wa kaka nyuma akiwa na kikapu cha mayai mapajani. Kaka yangu hakuwepo. Yeye hufanya kazi Nakuru na gari hili hulipenda kwenye picha tu. Baridi ya mashamba ya chai ilituacha taratibu, tukafungua madirisha, na kwa shangazi tulikula chini ya joto la kweli. Alitufungasha miwa, viazi vitamu na kuku mmoja mwenye hasira.

Tulipoanza kupanda, gari lilikuwa na nguvu zake. Nikaanza kujipongeza kimyakimya. Halafu katika mwinuko wa pili nikasikia harufu ya oili iliyoungua. Nikarudisha gia ya tatu, nikarudisha ya pili. Mguu wangu ulikuwa umekanyaga hadi mwisho, na gari likazidi kulegea kama mtu anayebebwa. Ndipo mgongano ukaanza nyuma, ka-ka-ka.

"Simama," baba alisema.

Nilisimama pembeni, karibu na duka dogo. Vijana wawili waliokuwa wakiosha pikipiki walikuja mbio na mtungi.

"Sista, fungua boneti tuwekee maji!"

Nilifungua mbele. Walikutana uso kwa uso na viazi vitamu na yule kuku.

"Ala! Injini ilianguka wapi?"

"Hawa wamebeba shamba lote, ndiyo maana imekataa."

"Mzee, hii gari inapikiwa nini?"

Baba alicheka nao. Mimi nikasema, kwa sauti ya kutosha kusikika hadi nyuma, "Labda tapeti zimekazwa sana. Ukizikaza sana, valvu huungua."

Nilisema hivyo nikijua mabati yako wapi. Baba aligeuza sikio kuelekea injini, akakaa hivyo.

Mke wa kaka alishuka, akafungua nyuma, akapitisha kiganja chake polepole kuzunguka injini bila kuigusa, kama mtu anayetafuta upenyo wa baridi mlangoni. Alipofika chini upande wa ekzosi, kiganja kilisimama. Akainua macho akaniangalia. Sikuwa na mahali pa kuweka uso.

"Wifi," alisema kwa sauti ya chini, "mimi nilifanya kazi upande wa kunyausha majani, kiwandani. Tulikuwa tunatandaza majani kwa kitanda kirefu cha waya na feni inasukuma hewa chini yake. Kama ubao mmoja wa pembeni umetoka, hewa yote inatokea hapo, na majani ya mwisho yanabaki mabichi. Hewa ni mvivu. Bila ukuta inaenda penye rahisi."

"Lakini hapa imepata njia zaidi."

"Imepata njia ya kurudi. Ile imeshapita kwa moto inapanda hapa, feni inaivuta tena. Injini inapumua jasho lake."

Halafu akawageukia wale vijana. "Jamani, hakuna mtu ana debe tupu la mafuta ya kupikia?"

Mwenye duka alitoa moja. Mke wa kaka alilikata kwa makasi ya duka, akalipondaponda kwa jiwe hadi likanyooka, na injini ilipopoa vya kutosha kuguswa akalibana kwa waya pale nilipotoa mabati. Pengo lililobaki aliliziba kwa vipande vya ndala kuukuu. Ilichukua muda mrefu. Nilimshikia waya, na hakusema lolote kuhusu mabati. Tulifika nyumbani kwa mwendo wa maombi, lakini tulifika.

Bandani baba aliingiza mkono nyuma, akapapasa lile debe, kingo zake, ndala, waya.

"Gari," alisema, "bati lako limeenda wapi?"

"Gari halijui," alijibu mke wa kaka. "Pengine lilidondoka barabarani."

Angeniacha nianguke ningemchukia kwa raha. Kule kunifunika ndiko kuliniuma kuliko yote. Sasa hata wema alikuwa nao yeye.

"Ni mimi, baba. Yako nyuma ya mbolea."

"Kwa nini?"

Nilimweleza habari za joto, za hewa, za kufunua. Nilitumia maneno ya darasani. Alingoja hadi nikamaliza.

"Kwa nini?" aliuliza tena.

"Kwa sababu hukuniita. Macho yalipokushinda ulimwita yeye."

Aliketi kwenye kigoda. "Nilikuita wewe kwanza, mwanangu. Krismasi. Nilikwambia, siioni tena fila. Wewe ukaniambia niende kliniki ya macho, ukaniandikia na siku zake kwenye karatasi."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata jinsi nilivyojisikia mwenye akili nikiandika ile karatasi. Ilikuwa ushauri sahihi, na bado naamini anapaswa kwenda. Lakini hakuwa ameniuliza kuhusu kliniki.

"Tapeti ni za mokamwana," baba alisema. Hilo ndilo neno letu la mke wa mtoto, na alilitamka kwa sauti ambayo sikumbuki kama aliwahi kulitamka jina langu nayo. "Wewe rudisha mabati."

Niliyarudisha siku iyo hiyo. Skrubu moja nilikuwa nimeipoteza. Kwa kuwa siwezi kuamini jambo kwa kuambiwa tu, hata wakati nimeaibika, nilimwambia mke wa kaka anionyeshe hiyo hewa inayorudi. Nilidhani atasema amechoka. Alikwenda jikoni akaja na gunzi la mahindi linalofuka moshi. Tukaondoa bati moja, nikawasha injini, akaliweka gunzi chini ya pengo. Moshi ulipanda moja kwa moja, ukapinda, ukamezwa na feni. Akarudisha bati kwa mkono. Moshi ukabaki chini, ukazubaa, ukaenda zake nje ya banda.

"Umeona?"

Nilikuwa nimeona. Lilikuwa jaribio safi kuliko yote niliyowahi kuwafanyia wanafunzi wangu, na lilitoka kwa mtu ambaye hakukaa darasani zaidi ya kidato cha nne. Nilimwonea wivu hata kwa hilo.

Jumatatu niliingia kidato cha pili na katoni, feni ndogo na gunzi linalofuka. Nilikata dirisha kwenye katoni, nikalifunika, nikalifunua, moshi ukafanya yale yale. Walipiga makofi. Msichana mmoja wa mbele aliuliza, "Mwalimu, hii ulitoa wapi?"

Nikamwambia nilibuni mwenyewe.