Wimbi la Zizi la Zamani

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na darasa zima lilinukia wimbi jipya, ile nafaka yetu ya uji. Wimbi lenyewe lilikuwa langu. Mwalimu Nafula, aliyetufundisha sayansi katika shule yetu ya Busia miaka ile ya mwanzo ya uhuru, alikuwa ametuagiza kila mmoja apande wimbi katika vipande viwili vya shamba kwao: kimoja atie mbolea ya unga kutoka machimbo ya Osukuru, kingine asitie kitu. Sasa ilikuwa zamu yangu kueleza, na mimi hata kuitika jina langu kulinitoa jasho.

“Leo bubu atahubiri!” akasema Okello kutoka nyuma, wakacheka.

Nikainua masuke mawili. La mbolea lilikuwa nene kama ngumi ya mtoto mchanga. Jingine lilikuwa limesinyaa. Kicheko kikakatika, nami nikajiona mrefu. Nyumbani mama alikuwa ameshaliona wimbi hilo na ameshaamua: Jumatano ndama wetu wa pekee apelekwe mnadani, tununue mbolea ya shamba zima.

“Vipande hivyo vilikuwa wapi, mwanangu?” Mwalimu akauliza kwa upole.

Nikamwambia cha mbolea kilikuwa pale palipokuwa na zizi la babu zamani. Kwetu kitu kigeni hupewa mahali pazuri, na mama mwenyewe ndiye aliyenionyesha. Kingine kilikuwa kando ya njia, penye changarawe. Hakuna aliyeona kosa. Karibu darasa zima lilikuwa limefanya vivyo hivyo.

“Basi nani kalinenepesha wimbi, mbolea au samadi ya ng’ombe wa babu yako? Hata mimi sijui. Huenda mbolea ni nzuri sana. Lakini mkono wako ubadilishe kitu kimoja tu, halafu uangalie wimbi linajibu nini. Ukibadilisha viwili, wimbi litajibu, ila hutajua linamjibu nani.”

Jioni, macho yangu yakiwa chini, nikasema, “Mama, ndama asiende.”

“Ee! Wewe si ndiye uliyeisifu mbolea kuliko mchumba?”

“Pale ni zizi la babu, mama. Pengine ni samadi.”

Akachochea kuni, akafikiri. “Huyo mwalimu wako ana mume?”

“Sijui, mama.”

“Mwenye akili hivyo, mume atamtoa wapi! Haya, nakupa msimu mmoja. Ukinidanganya, nakuuza wewe.”

Siku hizi wajukuu wangu wanasema kigeu huru, yaani kile unachokibadilisha, na kigeu tegemezi, kile kinachojibu, na wameyakariri maneno hayo kabla ya kushika jembe. Ni maneno mazuri, siyadharau. Lakini mimi nilijifunza kwa mwanamke aliyesimama mbele ya darasa lililojaa akasema “sijui” bila aibu, na mpaka leo sijamwona mwalimu mwingine wa kumfananisha naye.

Asubuhi ya Jumatano ile, wenzetu wakiswaga mifugo kwenda mnadani, nilishika jembe nikaenda kwenye zizi la babu, nikang’oa mabua, nikachimba mfereji mwembamba katikati: huku tutatia mbolea, huku hatutatia.