Boga la Meno Matatu

Boga likiungua kwa ndani hutoa harufu ya utamu uliochanganyika na moshi, na harufu hiyo hunikosesha raha. Kila mwisho wa Oktoba, kwenye hoteli ninayofanya kazi ya jikoni huku Dar es Salaam, tunachonga maboga kwa ajili ya Halloween. Tunayatoboa macho na meno, tunawasha mishumaa ndani yake, kisha vijana wa mapambo wanatundika buibui wa plastiki na popo wa karatasi hadi kwenye mlango wa choo. Wageni wanapiga picha. Mimi natafuta kisingizio cha kwenda stoo.

Mpishi mkuu ndiye aliyenieleza asili yake. Zamani huko Ayalandi, mavuno yakiisha na baridi ikikaribia, watu waliamini kwamba usiku mmoja wafu na mizimu hupita karibu na nyumba za walio hai. Basi waliwasha mioto, wakavaa sura za bandia wasitambulike. Baadaye wakachonga nyuso za kutisha kwenye mizizi minene ya shambani na kuziweka mlangoni, ili apitaye asithubutu kuingia. Waliohamia Marekani wakakuta maboga, makubwa na mepesi kuchonga.

"Siku hizi ni mchezo tu," alimalizia. Nikaitikia kwa kichwa. Kisha nikaenda stoo.

Nilikuwa na miaka kumi, kijijini kwetu Ruponda, Nachingwea. Msimu ule nilipewa kazi ya kulinda mahindi yasiliwe na ngedere, nami sikuwa mtoto wa kukaa nikatulia. Kwenye banda la video pale sokoni nilikuwa nimeona boga lenye uso, likiwaka kwa ndani, na tangu siku hiyo mikono ilikuwa inaniwasha. Nikaiba boga moja la bibi, nikalichonga kwa kisu cha kumenyea mihogo: macho mawili na meno matatu, maana la nne lilikatika. Nikatia makaa ya moto na majani mabichi, nikalisimamisha juu ya kigingi. Moshi ukamtoka machoni na mdomoni yule bwana! Nilijiona fundi.

Sasa lazima niwaambie habari za Minza. Familia yake, Wasukuma wafugaji, ilikuwa imefika mwaka mmoja kabla ikitokea upande wa Ziwa Viktoria, ikajenga ng'ambo ya kijito. Tulikaa dawati moja. Aliniletea maziwa ya mgando kwenye chupa ya maji, nami nilimpelekea karanga. Hesabu zikinishinda, alinifundisha bila kunicheka. Nilimpenda sana. Ila nyumbani kwetu chakula cha jioni hakikuisha bila lawama: ng'ombe wao wamekanyaga hiki, wamekula kile. Bibi alipenda kusema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini akikuta kwato kwenye mbaazi zake, methali yote ilimtoka kichwani.

Jioni ile ng'ombe wa kina Minza walikuwa wakirudi kutoka kunywa maji, wakipita kando ya shamba letu. Wa mbele akaliona boga. Nilisikia vishindo kabla sijaliona vumbi. Walitawanyika kila upande, na jike mmoja, yule yule wa maziwa ya Minza, akatumbukia mtaroni akavunjika mguu. Ikabidi achinjwe palepale. Mimi nilikuwa nimejikunyata katikati ya mahindi.

Asubuhi baba yake Minza, Mzee Masanja, alilileta boga ofisi ya kijiji ndani ya gunia. Hakutaka kuligusa. Alisema wenyeji wamewategea uchawi ili wahame. Wazee wetu wakaapa kwamba hawajui lolote. Sauti zikapanda, watu wakaanza kushika fimbo vizuri zaidi. Nikamvuta baba kanzu.

"Ni mimi," nikasema. "Nilitaka kuwatisha ngedere."

Watu wakacheka kwa kushusha pumzi. Baba akainuka haraka. "Mzee mwenzangu, huo ni utoto tu. Tunaomba utusamehe."

Mzee Masanja hakucheka. Alinitazama, wala si kwa hasira.

"Huyu ametumwa," akasema. "Sisi tumeshafukuzwa kwingi. Tukiambiwa tuondoke, tunaelewa."

Siku ya tatu walifungasha kuelekea Ruangwa. Nilikimbia hadi ng'ambo, nikamkuta Minza amembeba mdogo wake mgongoni. Nikamwapia kwamba lile boga lilikuwa la ngedere. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza taratibu, kama tulivyokuwa darasani:

"Somoe, ngedere si wanatokea msituni? Mbona uliliweka kwenye njia yetu?"

Nikamjibu kwamba pale palikuwa na kigingi tayari. Akaitikia, akageuka, akawafuata wenzake.

Kwa miaka mingi nilimlaumu baba yake kwa ukaidi wake na imani zake za uchawi. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikakubali kwamba mzee yule alisema kweli. Hakuna aliyenituma kwa mdomo, lakini maneno ya kila jioni nilikuwa nimeyameza pamoja na ugali. Na kigingi hakikuwapo pale. Nilikichimbia mwenyewe, mchana, kwa mikono yangu, huku nampenda Minza vilevile.