Siku ya Kung'oa Maua kwa Ngatirah

Maua ya Ngatirah yalibanana hata yakaacha kuchanua. Msimu ule mashina yalitoa majani matupu, na ua moja moja jembamba ambalo wachuuzi wa soko la Bandungan waliligeuza mkononi na kulirudisha. Ilibidi yang'olewe, vitunguu vyake vya ardhini, ambavyo ndivyo mbegu yake, vitenganishwe, kisha vipandwe upya kwa nafasi. Akafanya kama wafanyavyo watu wote wa mteremko ule: wanawake walipokuwa wakitoka msikitini, akatangaza kwamba Jumapili anang'oa.

Kutangaza ni kualika. Anayekuja na jembe lake na kufanya kazi hadi chai ya pili hujaziwa ungo wa vitunguu akapande kwake. Haulizwi katoka wapi wala ni nani. Ukimnyima, usitarajie msaada tena hata siku ya msiba.

Wakaja wanawake wanne. Wa nne alikuwa Wiwit, mke mpya wa Pardiyo.

Pardiyo alikuwa mume wa Ngatirah kwa karibu miaka ishirini. Alipomwacha, alibaki na shamba lote la juu, kwa kuwa ardhi ilikuwa ya baba yake. Ardhi, sawa. Lakini maua yaliyokuwemo, yale yenye petali tele, mbegu yake ilitoka kwa mama yake Ngatirah. Pardiyo akayang'ang'ania, kisha akayaacha yaoze kwa maji; Ngatirah akaanza upya kwa vitunguu vilivyokuwa vimebaki uani kwa mama yake. Sasa alitaka mbegu tena. Na kwa kuwa hakuwa na uso wa kuja kuomba, kamtuma binti huyu na jembe, akijua desturi itamfunga Ngatirah mikono.

"Bi mdogo kaamka mapema," akasema jirani yake, Bi Kasinem, bila kuinua uso. "Au kapotea njia?"

"Nimekuja kusaidia, mama."

"Kumsaidia nani?" Ngatirah akauliza, akamwonyesha kona ya mtaroni, ambako mashina yalikuwa yamejikaza kati ya mawe.

Wiwit akachimba. Hakukwanyua. Alitikisa udongo, akaachanisha vitunguu kwa kidole gumba, akakata majani na kuvianika kivulini. Kiganja kikamtoka malengelenge, akaendelea kuchimba.

"Anafanya kazi," Kasinem akanong'ona. "Hilo nalo linaudhi."

Chai ya pili ikanywewa kwa mihogo ya kukaanga. Ngatirah akawajazia wengine nyungo zao. Ukabaki mmoja, mtupu.

"Pardiyo kakutuma," akasema.

"Kasema nisirudi bila mbegu."

"Ukizipanda kule juu zitakuwa za nani?"

Wiwit akakwangua udongo kwenye jembe lake.

"Nilipanda kule nikiwa na umri wako. Siku aliyonitoa niliomba kikapu kimoja tu cha mbegu za mama yangu. Akaniambia kilichomo ardhini ni cha mwenye ardhi. Kikapu kimoja, Wiwit."

"Basi hunipi."

"Nakupa. Umefanya kazi, na mimi si yeye." Akaujaza ungo hadi ukamwagika. "Lakini mpelekee mama yako, avipande uani kwake. Vikichanua, utakwenda kukata huko, na hakuna atakayekwambia ni vyake."

Wiwit akajitwika ungo. Walipomtazama njia panda, hakupanda mlima, aliteremka kwa mama yake.

Kabla ya magharibi Pardiyo alikuwa amesimama kwenye ua wa mianzi.

"Mgao wangu uko wapi, Ngatirah?"

"Wako? Ulishika jembe saa ngapi?"

"Mke wangu kachimba hapa tangu asubuhi."

"Basi ni wake, na kaupeleka anakotaka."

"Unamfundisha ujeuri."

"Nimempa haki yake. Najua hukitambui kitu hicho." "Vitunguu vikikauka napanda. Ukitaka mbegu, njoo na jembe kama wenzako, uiname mbele yao hadi chai ya pili. Nitakujazia kwa mkono wangu."

Kwa jirani, Bi Kasinem alipaliwa na kitu, akakohoa kwa muda mrefu. Pardiyo akageuka, akaenda zake.

Siku ya kupanda hakuja. Wiwit alikuja. Ngatirah hakumchekea wala hakumwita mwanangu. Alimwonyesha tuta, akamwambia aache shubiri moja kati ya kitunguu na kitunguu.