Mzee Aliyeendelea Kulipia Leseni

Husemwa lisemwalo lipo. Hili linalosemwa katika kichochoro cha Nobin, hapa Dhaka ya Kale, halipo. Rowshan Ara hakuvunja eda ili akamnyang'anye shemeji yake tanuri. Alikaa eda yake mpaka ikaisha, akaoga, akavaa sari nyeupe yenye pindo jembamba, na asubuhi iliyofuata ndipo akapanda riksho kwenda ofisi ya jiji. Waliomwona walimwona sawasawa, ila hesabu iliwashinda.

Na kama si mkaguzi, hata siku hiyo asingetoka. Leseni za biashara huisha Juni, na mumewe Mofizul alifariki Mei. Mama yule akiwa bado ndani, mkaguzi alipita na chaki yake, akaandika mlangoni pa duka kwamba leseni imekwisha, akaahidi kurudi na kufuli. Wauza bakarkhani, ule mkate mkavu wa matabaka unaochovywa kwenye chai, hawana akiba ya kufunga duka. Tanuri likaendelea kuwaka mlango ukiwa nusu wazi, kama nyumba yenye mgonjwa.

Rowshan Ara alikuwa na shahada, na alifundisha jiografia shule ya wasichana mpaka akastaafu. Duka, lililokuwa mbele ya nyumba hiyo hiyo, lilikuwa la wanaume. Leseni ilitundikwa juu ya magunia ya unga, kioo chake kimefifia kwa moshi, naye hakuwahi kuisoma. Siku aliyoishusha alikuta si ya mumewe. Ilikuwa ya baba mkwe, Haji Gofur Bepari, na picha yake ya kofia. Haji Gofur alizikwa mwaka wa mafuriko makubwa, maiti yake ikavushwa kwa mtumbwi kupita mtaa huu huu. Kumbe kila Julai tangu hapo alikuwa akienda ofisi ya jiji, analipa ada, analipa na ushuru wa kibao, anatia sahihi.

Rowshan Ara aliitazama sahihi. Aliujua mwandiko ule, kama mke anavyoujua. Hakulia. Aliipangusa kwa ncha ya sari, akaitia kwenye bahasha, akaenda kuloweka dengu.

Ieleweke kwamba katika vichochoro hivi jambo hilo halihesabiwi kuwa uongo. Kuhamisha leseni ya marehemu kunataka warithi wote, na warithi wakiitwa pamoja, kila mmoja hukumbuka fungu lake. Mzee akiendelea kulipa, tanuri haligawanywi. Duka la vioo pale kona bado ni la babu ambaye wajukuu zake wana mvi.

Tofazzal, mdogo wa marehemu, ndiye anayekanda unga. Alipoona bahasha mkononi mwa shemeji yake alifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Shemeji, mzee katulia pale miaka yote. Haraka ya kumzika mara ya pili ya nini?"

"Alizikwa mara moja tu, Tofazzal. Ofisi ndiyo haijaambiwa."

Walikwenda pamoja. Kwenye ngazi za ofisi aliwadaka kishoka mmoja, kijana mwenye meno mekundu kwa tambuu, akaitazama leseni na kutabasamu kama aliyekutana na mjomba. Akaeleza kwamba siku hizi mambo yako kwenye kompyuta, na kompyuta inataka alama ya kidole.

"Lakini usijali, mama. Mzee yuko hai humo ndani, kilichopungua ni kidole tu. Kidole nakutafutia."

"Cha nani?"

"Mama naye! Cha mzee mwingine. Wazee wako wengi, wanasubiri chai tu."

Tofazzal alimtazama shemeji yake kwa matumaini. Ingekuwa rahisi: kulipa, kupiga muhuri, kurudi nyumbani kabla ya mkate wa jioni. Rowshan Ara alipanda ngazi iliyofuata.

Afisa wa leseni alikuwa mtu wa adabu, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Alimpa kiti. Alimweleza kwamba leseni mpya inawezekana, akileta cheti cha kifo, cheti cha warithi kutoka kwa diwani, na ridhaa ya shemeji. Vyote vilikuwa ndani ya bahasha: vyeti alivihangaikia dada yake wakati wa eda, na ridhaa Tofazzal aliitoa asubuhi ile kabla hawajaondoka. Akavipitia kimoja kimoja, kisha akavua miwani. Haji alifariki zamani; nani basi aliyetia sahihi? Akasema jina likiandikwa kwenye maelezo, kosa litakuwa la mtu huyo, nalo duka litabaki na namba yake ya zamani na haki ya kuandika kwenye kibao mwaka lilipoanzishwa. Jina lisipoandikwa, namba ya zamani inafutwa, kibao kinashushwa, na faini inalibeba duka.

Feni ilizunguka. Rowshan Ara alijitafuta kama ana hasira, hakuiona. Alikuwa kama vidole vya Tofazzal, ambavyo kwa miaka ya kubandika mikate tanurini havijui tena moto.

Afisa alimgeukia Tofazzal, aliyekuwa akitazama viatu vyake. "Au ni huyu?"

"Huyu hutia dole gumba," alisema Rowshan Ara. "Kalamu hakuwahi kuijua."

"Basi anabaki mmoja, mama. Na marehemu hashtakiwi. Ukimtaja haumii."

"Futa namba."

"Mama, ni jina la duka la ukoo mzima."

"Nimesikia. Futa."

Akalipa faini kwa fedha za bangili alizovishwa na mama mkwe, ambazo alikuwa ameziuza wiki ya mwisho ya eda kwa mkono wa dada yake. Ilipofika sehemu ya jina la mwenye leseni, alimwambia Tofazzal aandikwe yeye. Tofazzal akarudi nyuma hatua nzima. "Andika lako, shemeji. Mimi hii ofisi inanitisha." Hivyo ndivyo tanuri lilivyopata jina la mwanamke. Hakuna aliyenyang'anywa. Kila jioni Tofazzal huchukua nusu yake kama alivyoichukua zamani, na anayetaka akamuulize.

Kibao cha zamani kilishushwa Ijumaa baada ya sala. Wanaume wa kichochoro walisimama kutazama, wakasema mjane amelizika jina la Haji. Yeye alikuwa ndani, akipanga mikate ya moto juu ya ile ya jana, na alisikia kila neno.

Mpaka leo wanawake huja kununua mikate na kuondoka polepole. Yule jirani wa duka la vioo ndiye aliyethubutu kuuliza waziwazi: kama si Tofazzal, basi ni nani aliyekuwa akimtilia mzee sahihi miaka yote hiyo?

Rowshan Ara alimfungia mkate wake kwenye gazeti, akakaza uzi.

"Mzee alikufa mwaka wa mafuriko, na leseni ni yangu," alisema. "Zaidi ya hapo sisemi."

Na hakusema.