Cherehani Iliyogeukia Ukuta

Mama Pindo ndiye fundi cherehani pekee ninayemjua anayeshona vibaya asubuhi na vizuri mchana. Nasema hivyo bila chuki. Mimi ni fundi viatu, tunagawana baraza moja, na suruali yangu ya kutokea aliishona asubuhi. Mguu mmoja ni mfupi kuliko mwenzake.

Sababu tuliijua mtaa mzima. Asubuhi ndipo binti yake anapofungua duka la dawa, ng'ambo ya barabara. Walikuwa wamenuniana tangu harusi ya binti, pale Mama Pindo aliposema, mbele ya wakwe, kwamba bwana harusi ana sura ya mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Ulimi hauna mfupa. Binti aliapa kwamba hatakanyaga tena mlangoni kwake. Mama naye, kwa kiburi chake, akasema sawa. Mwezi haukuisha akahamia kwenye baraza letu, akaielekeza cherehani barabarani. Alituambia anafuata mwanga.

Siku hizo alikuwa anamtazama binti zaidi, akaninong'oneza kwa nini: gauni la binti lilikuwa limeanza kubana tumboni. Jicho la fundi hilo, halidanganyiki. Mjukuu alikuwa njiani, na bibi yake angepata habari kwa majirani.

Mimi na yeye tulikuwa tunasoma Kiingereza cha watu wazima kila Jumamosi, kwa mwalimu mmoja mstaafu. Mimi nilitaka kuelewana na wateja wageni. Yeye alisema hataki kuzeeka mjinga. Jumamosi moja mwalimu aliandika ubaoni neno "spy".

"Ni kumtazama mtu kwa siri, mwenyewe asijue, ili uyajue mambo yake," alisema. "Kila mmoja atunge sentensi ya kweli."

Muuza mitumba alisema jirani yake anazipeleleza sufuria zake. Tukacheka. Mama Pindo akasimama.

"I spy my daughter."

"Spy on," mwalimu akamsahihisha.

"Hiyo 'on' iweke popote unapotaka, mwalimu. Ndiyo kazi yangu ya asubuhi."

Hakuna aliyecheka. Njiani nilijaribu kumtuliza, nikamwambia macho hayana pazia.

"Wenzangu wanapeleleza maadui," alisema. "Mimi nampeleleza niliyemzaa. Aibu gani hii, fundi?"

Jumatatu akaigeuza cherehani ikatazama ukuta. Alishona kutwa bila kuinua kichwa, asubuhi na mchana. Mishono ilinyooka kama ya kiwandani, na wateja wakamsifu. Mimi nilimwonea huruma, jambo ambalo si kawaida yangu. Nilimshauri avuke barabara akabishe hodi kama mtu mzima. Akaniuliza kama viatu vya watu vimekwisha.

Wiki ile haikuisha, binti akavuka yeye. Mkononi alikuwa na gauni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Mama Pindo alijibu.

"Unaumwa?"

"Nani kasema?"

"Hunitazami."

Mama Pindo aliukodolea ukuta kana kwamba umebandikwa tangazo.

"Kumbe ulikuwa unajua?"

"Mama, barabara yenyewe nyembamba hivi! Kila asubuhi nafagia mbele ya duka mara mbili, mara tatu. Unadhani naupenda sana ufagio?"

Nilikuwa nimeshika nyundo na kiatu cha mtu. Sikukigonga. Nililia kidogo, na sitaki kuulizwa.

"Gauni limenibana," binti aliendelea, sasa anaangalia chini. "Naomba uniongezee kiunoni. Nitazidi kunenepa, nadhani umeshaona."

"Nimeona."

Kipimo Mama Pindo alikuwa nacho kichwani, tena kipya. Gauni lile angeweza kuliongeza amefumba macho. Hata hivyo alichukua utepe, akauzungusha taratibu kwenye tumbo la mwanawe, akasoma namba.

"Nimekosea," alisema, akapima tena.

Akakosea tena. Binti alisimama tu, mikono ameinyanyua, wala hakuwa na haraka ya kurudi dukani, ingawa wagonjwa watatu walikuwa wameshapanga foleni mlangoni kwake.