Nilivyoanika usipa golini

Uwanja wetu hapa Lituhi tuliusawazisha sisi wanawake kwa majembe, ili timu ya wajukuu zetu icheze. Halmashauri ikaja ikautwaa na kuipa timu yake, anakochezea mjukuu wa jirani yangu. Wivu ulinikaba. Siku ya mazoezi yao nikaanika usipa golini.

"Shikamoo, bibi. Samaki hawaanikwi hapa," akasema afisa michezo.

"Marahaba. Kibao chenu kinasema uwanja wa jamii. Mimi si jamii?"

Jirani, aliyekuja kumtazama mjukuu wake, akacheka. "Sema tu unaona kijicho, mwenzangu!"

Sikuondoka mpaka afisa alipokubali timu yetu nayo iutumie. Timu hizo mbili zikacheza palepale. Tukafungwa, na mfungaji ni yule wa jirani. Nilimpigia vigelegele, moyoni nikitamani angezaliwa kwangu.